Karibuni Kura

Kasuku wa mama yangu aliniuma mara tatu katika wiki ya kwanza, na mara zote tatu nilimwita mshenzi. Leo naweza kukiri kwamba mshenzi alikuwa mwingine kabisa. Lakini siku zile, nikiwa nimekifunga kidole kwa kitambaa na damu inachuruzika hadi kwenye kiwiko, usingenieleza kitu nikakuelewa.

Mimi ni mwalimu. Nimestaafu kazi, mdomo haujastaafu. Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi za huku Ngara kwa miaka ambayo sitaki kuihesabu, na miaka yote hiyo adui yangu alikuwa mmoja: ile r inayokwenda kukaa mahali pa l. Sisi Wahangaza tunazaliwa nayo. Mtoto anaingia darasa la kwanza anasema "mwarimu, nimerara njaa," anasoma "mrima" pale palipoandikwa "mlima," na wewe uliyetumwa na serikali umesimama mbele yake unasikia masikio yanawasha. Nilikuwa na fimbo ya mbuni, nimeichuna vizuri ikateleza. Nikawanyoosha ndimi. Hadi leo wakiniona sokoni wananisalimia polepole, kila neno wanalipima kwanza kabla hawajalitoa.

Mama yangu hakupita mkononi mwangu, wala mkononi mwa mwalimu yeyote. Alizaliwa Mugoma akaolewa Mugoma, na baba alipofariki akaona wazi kwamba migomba ile haitatusomesha. Akafunga virago akaenda Lusahunga, pale njia panda kwenye barabara ya Rusumo ambapo madereva wa malori hupumzika. Akajenga banda la mabati, akaanza kupika: wali, maharage, ndizi za nyama, chai ya maziwa. Kiswahili alijifunza hapo hapo, kwa madereva, akiwa mtu mzima na mtoto mgongoni. Lori likishaegeshwa alikuwa anasimama mlangoni na mwiko mkononi, anaita kwa sauti inayofika ng'ambo ya barabara: "Karibuni kura! Karibuni kura, wanangu!"

Madereva walicheka wakashindwa kushuka. "Mama, unagombea nini mwaka huu? Udiwani?"

Naye anajibu bila kupepesa: "Nagombea tumbo rako."

Wanaingia, wanakula, na kesho wanawaambia wenzao. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye sahani zile. Kwa maneno mengine, ni ile r iliyonisomesha, na jambo hilo sikulitambua mpaka nimeota mvi.

Kasuku naye alitoka barabarani. Dereva mmoja alimwacha bandani siku moja, ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ndani ya tundu la waya. Alisema, "Mama, nitunzie, nikirudi Ijumaa namchukua." Ijumaa hiyo haijafika hadi leo. Mama akamtunza, akamtafutia kibali kwa watu wa wanyamapori, karatasi akaitia kwenye plastiki na kuitundika ukutani karibu na picha ya Bikira Maria. Na alimsemesha Kiswahili tupu. Nilimuuliza siku moja kwa nini asiongee naye Kihangaza kama anavyoongea na sisi wanawe. Akanishangaa. "Huyu ni ndege wa barabara, mwanangu. Kihangaza atakijuria wapi?"

Mwaka jana presha ilimwangusha mama bandani, kando ya jiko. Aliokolewa na dereva aliyeingia kudai chai. Nilipopigiwa simu sikusubiri hata kufungia kuku. Nilikodi gari, nikamleta kwangu Nyamiaga, yeye kiti cha mbele na mimi nyuma nimepakata tundu la kasuku magotini. Njia nzima ndege yule alinitazama kwa jicho moja, nami nikamtazama kwa mawili. Hatukupendana.

Wiki ya pili zamu ya jumuiya ndogo ndogo ikaangukia kwangu. Walikuja majirani zangu kama kumi na wawili, tukasali rozari, tukasoma neno. Baada ya sala nikawa nimeandaa chai, viazi vitamu na maharage. Mama alikuwa jikoni, kwa sababu mama ukimkataza jiko umemuua. Akatoka amebeba hotipoti, akasimama mlangoni kama anavyosimama Lusahunga, kifua mbele, akaita: "Karibuni kura!"

Watu wakaangua kicheko, kicheko cha heri tu. Mwenyekiti wa jumuiya akasema, "Mama, fomu umeshachukua?" Nikamwona mama anafungua mdomo, jibu liko tayari ulimini, macho yanacheka. Nami nikamkata.

"Mama, jamani! Ni kula. Ku-la! Siyo kura. Miaka yote hiyo umekaa na watu, neno moja tu linakushinda?"

Nilisema kwa ile sauti ya darasani. Chumba kikapoa. Mama akaweka hotipoti mezani taratibu, akafuta mikono kwenye kitenge, akarudi jikoni. Hakutoka tena mpaka mgeni wa mwisho alipovaa viatu vyake.

Haki ya Mungu, sikuona ubaya wowote. Niliona nimefundisha.

Toka siku ile mama akaacha Kiswahili. Na mimi aliongea Kihangaza, maneno mafupi mafupi, ya kuomba chumvi na kuuliza kama mvua itanyesha. Wageni aliwapa tabasamu. Kasuku naye hakumsemesha tena, walau mimi sikumsikia. Na mimi, niliyekuwa nikisikia herufi moja iliyokosewa kutoka dawati la nyuma kabisa, sikusikia kwamba mama yangu amenyamaza. Nilichosikia ni kasuku.

Lo! Yule ndege alianza honi. Siyo mlio wa ndege, ni honi ya lori la tani thelathini, ile ya upepo inayokutoa roho. Saa kumi na moja alfajiri anaanza. Akimaliza honi anaachia breki, pshhhh, kisha anarudi nyuma, pii, pii, pii, mpaka unachungulia dirishani kuona lori linaingilia wapi. Mchana hivyo hivyo. Nikipeleka mkono kubadilisha maji, anauma. Akaanza na kujinyonyoa manyoya ya kifuani, ngozi ikaonekana.

Nilijaribu kila kitu nilichokijua, yaani kitu kimoja: ukali. Nilimfunika kwa kanga. Nilimmwagia maji. Nilipiga tundu kwa mwiko huku napaza sauti, "Nyamaza! Nyamaza wewe!" Akawa ananyamaza kidogo, ananikodolea, halafu anaanza upya kwa nguvu zaidi.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mama kijana, wakati ule mtoto wake alikuwa na mwezi mmoja. Mara ya kwanza alikuja na uso wa kucheka. "Shikamoo mwalimu. Samahani, sijaja kwa ubaya, ni huyu kasuku." Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu alikuja macho yamevimba kwa kukosa usingizi, mtoto analia begani, akasema mumewe anataka kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na yeye amechoka kumzuia. Sikumlaumu. Niliona aibu mpaka nikakosa pa kutazama.

Nikamwendea mama jikoni. Nikamwambia ndege ataondoka, kuna mtu mjini anayemtaka, kesho nampeleka.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akanijibu kwa Kihangaza, kwa upole uliozidi: "Sawa. Tutaondoka wote. Dawa zangu za presha za mwezi huu zikiisha, narudi Mugoma."

Nikadhani ni maneno ya hasira. Jioni nikakuta amelitoa lile begi lake la shangazi kaja, amepanga vitenge vyake, blanketi na picha ya Bikira Maria, amevuta zipu na kulisimamisha nyuma ya mlango wa sebule. Palibaki nje vitu viwili, tundu la kasuku na pakiti za dawa. Nikazihesabu dawa. Zilikuwa za siku ishirini na sita.

Nyumba ya Mugoma haina mtu. Bati limeliwa na kutu, jirani wa karibu uko naye kilima kwa kilima. Alipoanguka Lusahunga alipona kwa sababu kuna mtu aliyetaka chai. Sasa Mugoma nani atakuja kudai chai? Niliketi juu ya kitanda changu nikalia kama mtoto. Nilikuwa naogopa sana. Nikajiambia kasuku akitulia mama atabaki, na kwa hiyo kasuku atatulia, apende asipende.

Siku mbili baadaye akaja afisa mifugo kuchanja kuku kideri. Ni binti wa hapa hapa, nilimfundisha mwenyewe, siku hizi ana pikipiki na boksi la barafu. Alinikuta nakimbia kutoka bandani kwa kuku, mwiko mkononi, kwa sababu honi ilikuwa imeanza.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Ngoja kwanza nimnyamazishe huyu shetani."

Akanifuata mpaka sebuleni, akasimama anatazama. Nilipomaliza kupiga tundu akauliza, "Mwalimu, akipiga honi wewe unafanya nini?"

"Si umeona? Nakuja kumnyamazisha."

"Kwa hiyo anapiga honi, unakuja."

"Nakuja na mwiko!"

"Lakini unakuja." Akachungulia tunduni. "Na akikaa kimya?"

"Namshukuru Mungu, naendelea na shughuli zangu."

"Kwa hiyo akitulia haji mtu."

Sikupenda alikokuwa anaelekea. Akaniambia kasuku ni ndege wa kundi, upweke unamuua, na kelele kwake ni njia ya kuita wenzake. Nikimpigia makelele, kwake ni mazungumzo. Dawa ni kugeuza mambo: akipiga honi, nisiende, nisiseme, hata nisimtazame. Akinyamaza, hata kwa pumzi moja, niende mara moja na karanga na neno zuri, neno lile lile kila siku. Nimpe na kazi ya mdomo, magunzi ya mahindi ayachanechane, maana ndege asiye na kazi hujinyonyoa. Parachichi nisimpe kamwe, ni sumu kwake. Na mwiko niufiche kabisa.

"Unataka nimpe zawadi kwa sababu amenyamaza?" nikamwambia. "Hayo ni mambo ya semina."

Nayajua mambo ya semina. Niliitwa kwenye moja ya kufundisha bila fimbo, nikakaa kiti cha nyuma, nikala wali kuku, nikarudi shuleni nikakata fimbo nyingine.

Akacheka kidogo. Halafu akawa anatikisa kichupa cha chanjo, anakitazama kwenye mwanga, akasema bila hasira yoyote: "Mwalimu, darasa la tatu ulinichapa kwa neno mlima. Nilisoma mrima. Sasa naweza kulitamka. Ila kilichoniingia siku ile siyo l. Kilichoniingia ni kutonyoosha mkono. Sikunyoosha mkono tena darasani mpaka nimefika sekondari."

Sikumkumbuka. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba mimi sikuikumbuka siku hiyo hata kidogo. "Kachanje kuku," nikamwambia. Akaenda akachanja kuku, na wakati wa kuondoka akaongeza jambo moja: nichukue daftari, niandike kila kelele, nini kilikuwapo kabla na nini kilifuata baada. "Wewe ni mwalimu, hilo utaliweza. Na ujiandae, siku za kwanza atazidisha. Mtu aliyezoea kuitikiwa akiacha kuitikiwa hupaza sauti kwanza."

Nikakasirika siku nzima. Kesho yake nikachukua daftari la zamani la mahudhurio, nikapiga mistari kwa rula.

Kwanza nikaenda kwa jirani, nikamweleza ukweli kwamba wiki hii itakuwa mbaya, na nikamwomba aniombee kwa mumewe. Akaniangalia sana, mwalimu mzima nimesimama mlangoni kwake nimefumbata mikono. Akasema atakwenda kwao na mtoto wiki moja, kwani mama yake alikuwa anamdai kumwona mjukuu. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: "Lakini mwalimu, asubuhi ukiwa misa hapigi honi hata moja. Mimi huwa namlaza mtoto saa hizo."

Nikaliandika daftarini, nikaweka alama ya kuuliza.

Wiki ile! Nilikaa jikoni, maharage nimeyaacha, honi inalia, nimekalia mikono yangu mwenyewe isije ikachukua mwiko. Mama alipita, akanitazama, akaendelea na njia yake. Nilipopata mwanya wa kimya nilikimbia na karanga kama mtu anayewahi basi. "Vizuri!" nikamwambia kasuku, kama nilivyokuwa nawaambia wanafunzi, wale wachache. Akaipokea karanga, akaitupa chini, akaminya manyoya mwilini mpaka akawa mwembamba, mboni zikawa zinapanuka na kusinyaa. Nilikuwa nimeambiwa dalili hiyo maana yake ni rudi nyuma. Nikarudi nyuma. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kurudi nyuma mbele ya kiumbe kisichovaa suti.

Nikasoma daftari mwisho wa wiki. Kabla: kimya. Kabla: kimya. Mwalimu yuko shambani, mama yuko jikoni, kimya. Kurasa nne za mwandiko wangu mzuri, na kila mstari kabla ya honi pameandikwa kimya. Nyumba yangu ilikuwa haina sauti ya mtu. Niliona, lakini niliona nusu. Nikadhani ndege anataka redio, nikamfungulia redio. Honi zikapungua kidogo, kuuma kukabaki pale pale.

Tatizo likawa neno. "Vizuri" hakulijali. "Safi" hakulijali. Nikajaribu kumwitia chakula, "Kula. Njoo kula," kwa Kiswahili sanifu kabisa, l imesimama kama askari. Akanigeuzia mkia. Nami nilijua, tangu siku ya kwanza nilijua, ni neno gani anataka. Siku zote za maisha yake chakula kilikuja na neno moja.

Dawa za mama zilikuwa zimebaki za siku kumi na tano nilipopiga moyo konde. Mama alikuwa amelala mchana. Nikafunga mlango, nikafunga dirisha, nikachungulia barabarani kuhakikisha hapiti mtu yeyote niliyewahi kumfundisha. Nikashika karanga kati ya vidole vilivyojaa makovu yake, nikasogea, nikanong'ona.

"Kura."

Kichwa kikainuka. Manyoya ya shingo yakalegea.

"Karibu kura, baba. Karibu kura."

Akatembea juu ya kijiti, hatua kwa hatua, akafika ukingoni, akanyoosha mdomo ule ule ulionichana vidole, akaichukua karanga taratibu kama mtu anayepokea kikombe cha chai ya moto. Nikampa nyingine. Nilikuwa nimelisema neno hilo, na ulimi wangu haukuoza.

Kuanzia siku hiyo ikawa siri yangu. Mchana mama akilala, mimi na kasuku tunafunga mlango tunasema kura. Akinyamaza, kura. Akipiga mluzi badala ya honi, kura na mbegu mbili za boga. Baada ya siku nne alipanda mkononi, baada ya sita aliniinamishia kichwa nimkune. Honi ikafifia, ikabaki ile pshhhh ya breki, na hiyo nikamwachia, maana kila mtu ana kumbukumbu zake. Jirani akarudi na mtoto wake, wakalala. Mumewe akanisalimia kwa mkono.

Nikaona nimeshinda. Nikamwendea mama nikamwambia, "Mama, kasuku ametulia. Jirani hana neno. Basi lile begi litoke mlangoni."

"Dawa bado hazijaisha," mama akasema, kwa Kihangaza. Zilikuwa zimebaki za siku nane.

Kumbe haikuwa kasuku. Nilimfundisha ndege wiki mbili nzima nikidhani nafundisha ndege, na begi bado limesimama nyuma ya mlango.

Jibu lilikuja alasiri ya kesho yake. Mama alikuwa nje anaanika mihogo. Mimi niko sebuleni natoa maharage mabovu, kasuku yuko juu ya tundu lake anachanachana gunzi, ameshiba, anajisemea chini chini kama ndege wa aina yake wanavyojisemea wakitulia. Na katika kujisemea huko ikatoka sauti ya mama yangu. Siyo ile ya kuitia madereva. Ya chini, ya mtu anayejificha.

"Kura. Hapana. Ku... ra. Kula. Kula. Kura. Aa! Urimi huu." Akapiga kite kama mama anavyopiga. "Tena. Kabra hajarudi."

Mikono yangu ikaganda ndani ya maharage.

Akarudia. Kula. Kura. Hapana. Kabra hajarudi. Nikaelewa ile alama yangu ya kuuliza. Kila asubuhi nikienda misa, mama yangu, mwenye umri wa miaka themanini na zaidi, alikuwa anasimama mbele ya tundu la ndege anajifunza l. Alikuwa anajifunza ili siku moja asiniaibishe. Ndiyo maana kasuku hakupiga honi saa hizo, alikuwa na mtu wa kuongea naye. Na kwa sababu ulimi ulikataa, akaona bora arudi Mugoma kwenye nyumba yenye kutu kuliko kumtia aibu mwanae mwalimu. Mimi nilimfanya hivyo. Yeye aliyenilipia kalamu. Nililia mpaka maharage yakalowa, na kasuku akaacha gunzi lake akanisogelea, akasema kwa sauti yangu mimi, "Karibu kura, baba."

Sikumwambia mama siku hiyo. Nilichofanya ni kwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, nikamwomba sala ya wiki ile irudi kwangu ingawa haikuwa zamu yangu. Akauliza kwa nini. Nikasema kuna neno sikulimalizia.

Wakaja wote. Na yule afisa mifugo nilimwita pia, akaketi karibu na mlango. Tukasali. Mama alipika tangu mchana, kisha akabaki jikoni kama kawaida yake mpya. Sala ilipokwisha nikaenda jikoni, nikampokonya hotipoti na mwiko, nikarudi nikasimama pale mlangoni, kifua mbele. Moyo ulinidunda kuliko siku ya ukaguzi.

"Karibuni kura!" nikaita, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara.

Hakuna aliyecheka. Walitazamana. Mwenyekiti alifungua mdomo akaufunga, anaikumbuka ile siku. Nikamwangalia yule binti wa mlima, naye ameziba mdomo kwa mkono, machozi yanamlenga.

"Mmenisikia vizuri," nikasema. "Nimesema karibuni kura. Mama yangu aliwaita hivyo mkacheka kwa wema, nami nikamfokea mbele yenu. Neno hilo ndilo lililonisomesha. Mama, nisamehe."

Kutoka jikoni ikaja sauti, kwa Kiswahili, ya kwanza kwa mwezi na zaidi.

"Mwalimu! Ni ku-la!"

L ilikuwa safi. Ilikuwa safi kuliko zangu. Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko, na kabla hakijaisha kasuku akadakia kwa sauti yangu, ile ile ya kunong'ona na mlango umefungwa: "Karibu kura, baba. Karibu kura."

Mama akatokea mlangoni anapangusa mikono kwenye kitenge. "Hiro ni sauti ya nani?" akauliza, wakati anajua fika. Akaniambia baadaye kwamba alikuwa amejua wiki nzima, kasuku alikuwa anamsemea kila asubuhi nikiwa misa, naye alikuwa anangoja aone nitalificha mpaka lini. Pale mlangoni hakusema hayo. Alinishika shavu kwa mkono wenye harufu ya vitunguu, akawageukia watu. "Mnangoja nini? Karibuni kura, chakura kinapoa." Na mwenyekiti akamuuliza kama fomu ameshachukua, naye akajibu kwamba ameshapita bila kupingwa.

Watu walipoondoka nikaanza kufagia. Nilipofika nyuma ya mlango nikalikuta begi la shangazi kaja liko palepale, nikauweka ufagio chini. Nikavuta zipu. Vitenge havikuwemo, wala blanketi, wala Bikira Maria. Mama alikuwa amelijaza magunzi ya kasuku mpaka juu.